Msimu wa Miloš Forman kule juu Biashara Street: shilingi 300 ambazo ningelipa tena

Ukumbi wenyewe hauna jina. Hakuna bango mlangoni, na ukiwauliza walinzi wa maduka ya vitambaa pale Biashara Street, Nairobi, watakuonyesha kwa kidole tu: panda ngazi, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Sisi tunaokwenda husema "kule juu" na tunaelewana. Zamani kilikuwa chumba cha stoo ya blanketi. Sasa kina skrini ya ukuta mzima, projekta nzuri, na nafasi ya watu hamsini hivi. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni huonyeshwa filamu moja, na msimu huu wamekuwa wakionyesha kazi za mwongozaji mmoja tu, Mcheki Miloš Forman, kwa kufuata mfuatano wa miaka alivyozitengeneza, kuanzia alipokuwa kijana asiyejulikana hadi alipokuwa mzee mwenye Oscar mbili kabatini.

Naandika ili watu waende. Kuna Jumamosi ambazo tulikuwa wachache mno kwa kitu kizuri namna ile.

Mimi kazi yangu ni kupiga video: harusi, ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), mazishi, harambee za kanisa, mahafali. Naishi kwa nyuso za watu ambao hawajawahi kuigiza hata siku moja: shangazi anayeshikilia tabasamu huku viatu vinamfinya, mzee wa kamati anayesubiri jina lake litajwe na mshereheshaji. Rafiki yangu mhariri aliponiambia kwamba kuna mtu aliyeanza sanaa yake kwa nyuso za aina hiyo hiyo, na kwamba filamu zake ziko mjini kwa shilingi 300, nilifunga studio mapema nikaenda.

Kabla ya kila filamu mwenye ukumbi, mama mmoja aliyestaafu ualimu, husimama mbele kwa muda mfupi na kutueleza filamu ilitoka wapi. Hugawa pia karatasi moja ya Kiswahili yenye majina ya wahusika na mambo machache ya historia. Karatasi hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu filamu za Kicheki zina maandishi ya chini ya Kiingereza peke yake, na majina kama Papoušek na Ondříček hayakai kichwani kwa mara ya kwanza. Hongera zake, Mwalimu. Nimeziweka zote kwenye faili.

Kutokana na maelezo yake, na niliyosoma mwenyewe baadaye, maisha ya Forman yalianza vibaya kiasi cha kumfanya mtu ashangae alipata wapi ucheshi. Alizaliwa tarehe 18 Februari 1932 katika mji mdogo wa Čáslav, Chekoslovakia. Wanazi walipoitwaa nchi, walimchukua Rudolf Forman, baba aliyemlea, kisha wakamchukua mama yake, Anna. Mama alifia katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1943. Baba naye akafa mikononi mwao mwaka 1944. Mtoto akabaki akilelewa na jamaa na marafiki wa familia, nyumba hii na nyumba ile. Baada ya vita alipelekwa shule ya bweni ya Poděbrady, na katika wanafunzi wenzake alikuwamo Václav Havel, yule mwandishi wa tamthilia ambaye baadaye alikuwa rais. Alikuwamo pia Ivan Passer, rafiki aliyeandika naye filamu. Akiwa mtu mzima ndipo alipopata kujua kwamba baba yake wa damu alikuwa msanifu majengo Myahudi, Otto Kohn, aliyenusurika mauaji yale.

Alisomea uandishi wa filamu katika chuo cha FAMU, Prague. Hilo nilipolisikia nilitikisa kichwa, maana filamu zake za mwanzo zinaonekana kana kwamba hakuna aliyeziandika.

Filamu ya Černý Petr, ya mwaka 1964, ndiyo ya kwanza iliyonikamata. Kijana Petr anapata kazi katika duka la kujihudumia. Kazi yake ni kuzunguka katikati ya rafu akiangalia wateja, awakamate wezi. Anamshuku mzee mmoja, anamfuata hadi nje, barabara hadi barabara, na hathubutu kumsemesha. Basi. Hilo ndilo tukio kubwa. Pale ukumbini watu walicheka kwa sauti, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kufuatwa nyuma nyuma na mlinzi wa supamaketi ambaye naye anaona aibu kukufuata. Nyumbani baba yake Petr anamhubiria, anatembea chumbani, anashika kiuno, anatafuta neno la busara na neno haliji. Baba huyo ameigizwa na Jan Vostrčil, ambaye kwa kazi yake ya kweli alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta. Hakuwa mwigizaji. Forman alikuwa na desturi ya kuwachanganya waigizaji waliosomea na watu wa kawaida: mwigizaji anashikilia mwendo wa mazungumzo, na mtu wa kawaida anamzuia mwigizaji asidanganye. Hakuwapa watu wa kawaida maandishi ya kukariri. Filamu hiyo ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu la Locarno, Uswisi, mwaka huo huo.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata kwa Lásky jedné plavovlásky, ya 1965. Mji wenye kiwanda cha viatu umejaa wasichana wanaofanya kazi, wavulana hakuna. Mkuu wa kiwanda, kwa nia njema kabisa, anaomba jeshi lilete kikosi karibu ili wasichana wapate wachumba. Treni inafika, bendi inapiga, na wanaoshuka ni askari wa akiba wenye vitambi na pete za ndoa. Jioni kuna dansi. Mmoja wao anavua pete yake mezani, inamponyoka, inaviringika chini ya meza hadi miguuni pa wasichana wengine, naye anatambaa kuitafuta. Nimepiga video za dansi nyingi na sijawahi kuona mtu akiuelewa ukumbi wa dansi vile: nani anamtazama nani, nani anajifanya hamtazami mtu, chupa inayopelekwa kwenye meza isiyo yake.

Kisha filamu inageuka. Andula, msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu, anamfuata Prague kijana mpiga piano aliyelala naye usiku mmoja. Anafika na sanduku lake, kijana hayupo, anakutana na wazazi wake. Mama anagomba usiku kucha. Kijana aliporudi, wazazi wanambana kitandani mwao, watatu katika kitanda kimoja, wakivutana blanketi, na Andula yuko upande wa pili wa mlango anasikia kila neno. Tulikuwa tunacheka, halafu kamera ikamwonyesha Andula amepiga magoti pale mlangoni analia, na chumba kizima kikakoma kucheka kwa wakati mmoja. Mama aliyeketi karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Maskini mtoto wa watu." Hapa ndipo nilipoelewa Forman ana nini. Hakatizi. Mahali ambapo mimi ningezima kamera kwa sababu jambo limekwisha, yeye anaiacha ikiendelea, na jambo lenyewe linatokea hapo.

Yule kijana mpiga piano, Vladimír Pucholt, nilimpenda sana nikamtafuta. Aliacha uigizaji, akaihama nchi, akasomea udaktari, akawa daktari wa watoto Kanada. Sijui kwa nini habari hiyo imenifurahisha hivyo, lakini imenifurahisha.

Sasa nifike kwa filamu ambayo, kama utaona moja tu katika msimu wote, uone hiyo. Hoří, má panenko, ya 1967, ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi. Forman, Passer na mwandishi mwenzao Papoušek walikuwa wamekwenda mji wa milimani, Vrchlabí, kuandika hadithi nyingine kabisa, na hadithi ikakataa. Jioni moja wakaenda dansi la wazima moto wa kujitolea wa pale. Waliyoyaona hawakuweza kuacha kuyazungumzia, wakatupa hadithi ya zamani, wakaandika hii, kisha wakawaweka wazima moto wenyewe wa mji huo mbele ya kamera.

Kamati inaandaa sherehe. Kuna mambo matatu kwenye ratiba: bahati nasibu, kumchagua malkia wa urembo, na kumkabidhi mwenyekiti wa heshima, mzee wa miaka 86, zawadi ya shoka dogo la mapambo. Mzee ana saratani na hakuna aliyemwambia. Ukiwahi kukaa katika kamati yoyote ya Kenya, ya mazishi, ya chama, ya kununua shamba la kanisa, utawatambua hawa wazee kwa mgongo tu. Namna wanavyoinamiana kunong'ona. Namna anayejua kidogo ndiye anayeshika kalamu. Zawadi za bahati nasibu zimepangwa mezani na zinapungua moja moja: keki, chupa, nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa. Mlinzi wa meza analalamika kwa mkewe, na mkewe ndiye aliyeificha nyama. Wasichana wa urembo wanasukumwa kwenda jukwaani, wanakimbilia chooni na kujifungia.

Halafu king'ora kinalia. Nyumba ya mzee mmoja jirani inaungua, na wazima moto wote wako dansini. Watu wanatoka kwenda kutazama, gari la kuzima moto linakwama kwenye theluji, wanaurushia moto theluji kwa sepetu. Mwenye hoteli anahangaika kwa sababu watu wametoka bila kulipa. Mzee aliyeunguliwa anaketishwa kwenye kiti, anageuzwa asiitazame nyumba yake ikiteketea. Mtu anasema mzee anahisi baridi. Wanamnyanyua na kiti chake, wanamsogeza karibu na moto.

Baada ya filamu huwa tunabaki kidogo kuzungumza. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kuzima moto alisimama. Nilidhani atalalamika kwamba wenzake wa kazi wamefanyiwa mzaha. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeangalia kile kiti. Aliyemgeuza alimwonea huruma. Aliyemsogeza alimwonea huruma. Hakuna mbaya hata mmoja pale." Akakaa. Nimeona wataalamu wakiandika kurasa nyingi kuhusu filamu hiyo, na hakuna aliyeisema vizuri kuliko yeye.

Ukumbini kule kwenye filamu, watu wanakusanya tiketi zao za bahati nasibu kumpa aliyeunguliwa, na zawadi zenyewe zimekwisha kuibwa. Kamati inazima taa ili waliochukua warudishe bila kuonekana. Taa zinawashwa mapema, na anayenaswa katikati ya chumba ameshika nyama ni yule mzima moto anayeirudisha, mtu pekee mwenye haya. Kamati inaingia chumba cha ndani kujadili, na mjadala unakuwa kwamba heri asingerudisha, maana sasa amelitia doa jina la kikosi. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi.

Yaliyoipata filamu yenyewe yanafaa kujulikana. Mtaliano aliyeweka fedha, Carlo Ponti, hakuipenda, akadai fedha zake zirudishwe, na Forman akawa hatarini kwa kuipotezea serikali fedha za kigeni. Waliomwokoa ni Wafaransa wawili, Claude Berri na François Truffaut, walionunua haki za kuionyesha nje. Nyumbani, wakubwa wa Chama cha Kikomunisti walijiona humo, na baada ya mizinga ya Sovieti kuingia Prague mwezi Agosti 1968, filamu ikapigwa marufuku. Forman siku hiyo alikuwa Paris. Mke wake Věra na watoto wao mapacha walirudi Prague baadaye; yeye akaelekea Marekani.

Nina lawama mbili za ukumbi, na zote zilijitokeza usiku huo wa wazima moto. Ya kwanza: maandishi ya chini ni meupe, na sehemu ya moto imejaa theluji. Kuna mazungumzo mazima yaliyopotea kwenye weupe. Niliambiwa nakala waliyonayo ndivyo ilivyo. Ya pili: sakafu ni bapa. Ukikaa nyuma ya mtu mrefu, au mama aliyefunga kilemba, maandishi utayasoma nusu nusu. Wangeinua safu tatu za nyuma kwa mbao, fundi wa Gikomba angeimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Viti ni vya plastiki vyenye mito. Filamu fupi za Kicheki hutavihisi, lakini zile ndefu za Marekani mgongo utakukumbusha.

Upande wa picha sina neno. Mapazia ni mazito, chumba kinakuwa giza kweli, na projekta inaonyesha kijivu zote za filamu za rangi nyeusi na nyeupe bila kuzigeuza maziwa. Kuta zimebaki na tabaka za blanketi za zamani zilizopigiliwa, kwa hiyo sauti haigongi na kurudi. Umeme ulipopotea katikati ya Taking Off, betri ilishika papo hapo.

Hiyo Taking Off, ya 1971, ndiyo ya kwanza aliyoitengeneza Marekani. Wazazi wanamtafuta binti aliyetoroka nyumbani, na wanaishia kuvuta bangi wakiwa wamevaa suti, wakifundishwa kwa makini katika mkutano wa wazazi. Ni nzuri, ilipata tuzo Cannes, na haikuleta pesa. Forman akakaa New York katika hoteli ya Chelsea akiwa amevunjika moyo, hana kazi.

Kisha ikaja One Flew Over the Cuckoo's Nest, ya 1975, na Jumamosi hiyo tulikosa viti. Wengi waliokuja walikuwa wamewahi kuiona kwenye luninga au kwenye flashi za mtaani, lakini kuiona baada ya zile za Kicheki ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo uamuzi wa kufuata miaka unapolipa. Nilitambua mara moja: ni kamati tena, ni ukumbi wa dansi tena. Watu wamekaa kwa duara, mmoja anasema, na kamera inawatazama wanaosikiliza. Iliigiziwa katika hospitali halisi ya wagonjwa wa akili, Salem, Oregon, na daktari mkuu wa hospitali hiyo, Dean Brooks, ndiye anayeigiza daktari. Pale anapozungumza na Jack Nicholson kwenye ofisi, unamwona mtu wa kawaida akimzuia mwigizaji mkubwa asidanganye, vile vile kama baba wa bendi katika Černý Petr.

Louise Fletcher anaigiza Nesi Ratched kwa sauti ya upole muda wote. Hapandishi sauti. Forman alikuwa akisema kwamba kwake Chama cha Kikomunisti kilikuwa ndicho Nesi Ratched, kilichomwambia afanye hili na asifanye lile. Ukiwa umetoka kuwaona wale wazee wa Vrchlabí, huhitaji kuelezwa zaidi.

Na kuna tukio ambalo Nairobi inalielewa kwa njia yake. Wagonjwa wanataka kutazama mashindano ya besiboli, nesi anakataa, luninga imezimwa. McMurphy, mgonjwa anayeigizwa na Nicholson, anakaa mbele ya kioo cheusi na kuanza kutangaza mchezo ambao haupo, kwa sauti ya juu, na wenzake mmoja mmoja wanakusanyika, wanashangilia. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukimsikiliza DJ Afro akitusimulia filamu za Kihindi na Kichina hadi tukasahau kwamba hatujui lugha zile, tulipiga makofi ukumbini. Vijana wa safu ya mbele walisimama kabisa. Sijawahi kuona filamu ya miaka hamsini ikipokelewa hivyo.

Ilichukua Oscar tano, zile kubwa zote: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na maandishi.

Hair ya 1979 nzuri kwa nyimbo. Ragtime ya 1981 sikuiona kwa sababu nilikuwa na harusi Thika.

Amadeus, ya 1984, ndiyo sababu ya kuvumilia viti vya plastiki kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Forman alirudi Prague kuitengeneza, miaka mingi baada ya kuondoka, nchi ikiwa bado chini ya utawala ule ule uliopiga marufuku filamu yake. Alihitaji mitaa ambayo haijabadilika tangu karne ya 18, na Prague ilikuwa nayo. Matukio ya opera yalichukuliwa katika jumba lile lile la maonyesho ambamo Mozart mwenyewe aliongoza Don Giovanni mara ya kwanza mwaka 1787. Mpiga picha alikuwa Miroslav Ondříček, rafiki yake wa tangu filamu za mwanzo. Angalia taa. Mishumaa juu, mishumaa pembeni, na nyuso zinawaka kwa rangi ya asali. Mimi ninayebeba taa mbili za LED kila mahali nilitoka nikiwa na maswali mengi ya kujiuliza.

Filamu inasimuliwa na Salieri, mtunzi wa muziki mwenye bidii na adabu, anayemwonea wivu Mozart aliyepewa kipaji bila kukitafuta. F. Murray Abraham alistahili Oscar yake kwa dakika moja tu: anashika karatasi za Mozart, anazisoma, na muziki anaousikia kichwani unapita usoni pake. Haongei. Kila filamu niliyoiona kabla ya hiyo ilikuwa imenifundisha kuusoma uso huo. Jumla ilikuwa Oscar nane, moja yake ya Forman, ya pili kwake.

Kwa muziki huo spika za kule juu zilifanya kazi nzuri isipokuwa ya kulia, ambayo hukwaruza kwenye noti za chini kabisa. Kwenye Requiem, ile misa ya wafu ya Mozart, ilisikika. Waibadilishe.

Za baadaye sitakaa nazo sana. Valmont ya 1989 inapendeza macho na haikunigusa. The People vs. Larry Flynt ya 1996 ilipata tuzo kuu ya Berlin mwaka uliofuata. Inahusu mchapishaji wa magazeti ya ngono na kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hiyo msije na watoto. Tulizungumza hadi ukumbi ukafungwa, maana nusu ya watu walikuwa upande wa mwendesha mashtaka. Mwalimu alitukumbusha kwamba aliyeitengeneza alilelewa chini ya Wanazi na kisha chini ya Chama, na pande zote mbili zilianza kwa kufunga magazeti ambayo watu wengi hawakuyapenda. Man on the Moon ya 1999 ni ya Jim Carrey mwanzo hadi mwisho. Goya's Ghosts ya 2006, ya mwisho katika msimu, ina vipande vya kutisha na inapoteza njia katikati. Forman alifariki tarehe 13 Aprili 2018 huko Connecticut, akiwa na miaka 86.

Kazi yangu nayo imebadilika tangu nianze kwenda kule juu. Juzi nilikuwa kwenye ruracio Githunguri. Wazee walipomaliza kukubaliana na kila mtu akaanza kushangilia, sikugeuza kamera kuelekea kwenye shangwe. Niliiacha kwa baba ya msichana. Alikuwa anaikunja karatasi ya ratiba, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikagoma kukunjika, akaitia mfukoni na kuinuka kwenda kusalimia wakwe. Nilidhani familia watasema nimewapotezea shangwe. Msichana ameniomba kipande hicho peke yake, amtumie kaka yake aliye Doha.

Kwa atakayekwenda: lipa mlangoni kwa M-Pesa au taslimu, 300 kwa kila mtu, wanafunzi 150 wakionyesha kitambulisho. Chai ya maziwa ni 50, mandazi 20, na mandazi ni ya moto kabla ya filamu pekee, kwa hiyo usisubiri. Choo ni kimoja na kiko safi. Fika saa kumi na nusu ukitaka safu ya pili au ya tatu, ambapo maandishi yanasomeka bila kuzibwa na kichwa cha mtu. Filamu fupi zinakuachilia kabla ya saa moja usiku; ndefu zitakutoa karibu saa mbili, na hapo tunashuka kwa kikundi hadi Moi Avenue, kila mtu akachukue matatu yake. Wanaokwenda Umoja na Kayole huwa wengi, hutakosa mwenza. Dada unayekuja peke yako, mwambie Mwalimu ukiingia, atakuunganisha na wenzako.

Msimu unaofuata ni wa wenzake Forman wa kizazi kile cha Prague. Wanaanza na Sedmikrásky ya Věra Chytilová, ya 1966, kisha Ostře sledované vlaky ya Jiří Menzel, ya mwaka huo huo, iliyopata Oscar ya filamu ya kigeni. Tiketi ya msimu mzima inauzwa mlangoni, nami nimeshachukua yangu. Hoří, má panenko itarudiwa mara moja mwisho wa mwezi kwa maombi ya watu, na safari hii Mwalimu ameahidi kuandika mazungumzo ya sehemu ya theluji kwa Kiswahili kwenye ile karatasi.